Wasomaji Wanauliza: Kiraka Changu Kimekataliwa, Mradi Wangu Umenielemea

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu programu huria, yaani zile ambazo msimbo chanzo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Nimechagua tano. Mbili kati yake nimezijibu kwa kirefu, kwa sababu zinagusa jambo ambalo vitabu vya kufundishia programu hulipita kimya: jinsi watu wasiojuana wanavyogawana kazi, na jinsi wanavyoaminiana au kushindwa kuaminiana.

Ndugu Mshauri, shikamoo. Nimejifunza kuandika programu kwa miaka miwili. Hivi karibuni niliona kwamba msimbo wa mradi mmoja huria ninaoutumia kila siku umeandikwa kizamani, nikakaa wiki tatu nikiandika upya faili karibu arobaini, kisha nikautuma. Wiki sita zikapita bila jibu. Hatimaye msimamizi alilifunga ombi langu kwa sentensi moja: "Asante, lakini hatuwezi kuukagua mzigo huu." Je, nimedharauliwa kwa kuwa mimi ni mgeni?
*Mwanafunzi aliyevunjika moyo*

Marahaba, Mwanafunzi. Mimi sioni dharau katika sentensi ile. Naona mtu aliyechoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini mgeni anayeingia na kuanza kubomoa kuta kabla hajaonyeshwa pa kuketi hamponyi mwenyeji, humwongezea maradhi.

Tazama hesabu ilivyo upande wa pili. Wewe ulitumia wiki tatu kuandika. Msimamizi angehitaji kusoma kila mstari wa faili arobaini, kuelewa kwa nini umebadilishwa, kuhakikisha kwamba hakuna kilichoharibika kwa watumiaji ambao hajawahi kuwaona, na zaidi ya hayo yote, kuutunza msimbo huo kwa miaka mingi baada ya wewe kupata ajira au kupenda mradi mwingine. Katika miradi huria, kuandika ndiko kazi nyepesi. Kukagua na kutunza ndiko kunakomaliza watu, na ndiko kusikokuwa na wajitoleaji wa kutosha. Anayekubali kiraka chako, yaani furushi la mabadiliko uliyoyatuma, amejitwika deni, hata kama kiraka chenyewe ni kizuri.

Ndiyo maana miradi mikubwa ina desturi ambazo kwa mgeni huonekana kama urasimu mtupu. Katika mradi wa kiini cha Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, kwa mfano, kila kiraka kinatakiwa kifanye jambo moja tu, kiwe na maelezo yanayosema kwa nini mabadiliko yanahitajika, na tangu mwaka 2004 mchangiaji hutakiwa kuweka mstari wenye jina lake unaothibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Kiraka kikubwa hugawanywa kuwa mfululizo wa viraka vidogo, na baada ya kila kimoja programu lazima iendelee kujengeka na kufanya kazi. Sababu yake si ukali wa bure. Hitilafu ikijitokeza miezi minane baadaye, watu hurudi nyuma katika historia ya mabadiliko hadi wamkamate mkosaji, na mkosaji aliyejificha ndani ya faili arobaini zilizobadilishwa kwa mkupuo mmoja hakamatiki.

Ningekushauri uanze hivi. Soma kwanza mwongozo wa wachangiaji, kisha pitia orodha ya masuala yaliyo wazi, uone ni yapi yanayowasumbua wasimamizi wenyewe. Mengi hayafanani na yale yanayomkera msomaji mpya wa msimbo. Chagua hitilafu moja ndogo, uandike chini yake kwamba unakusudia kuishughulikia na kwa njia gani, kisha usubiri mtu akubali. Andika jaribio, yaani msimbo mfupi wa kuipima programu, linaloshindwa kwa sababu ya hitilafu hiyo, ndipo urekebishe msimbo hadi jaribio lifaulu. Kiraka cha mistari kumi na miwili chenye jaribio lake hukaguliwa kwa dakika chache, na jina lako litaanza kujulikana. Usipojibiwa kwa wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukulijua. Mwaka 2020 kampeni moja ya mtandaoni iliahidi fulana kwa washiriki wa kwanza waliotuma maombi manne ya kuunganisha msimbo, na matokeo yake wasimamizi wa miradi mingi walifurikiwa na mabadiliko ya kijinga: neno "nzuri" limeongezwa mahali, nafasi tupu imeondolewa pengine. Waandaaji walilazimika kubadilisha kanuni katikati ya kampeni ili ihusishe miradi iliyojiandikisha tu. Wasimamizi waliopitia mwezi ule wamebaki na jicho la mashaka kwa wageni, na mashaka hayo yanakuangukia wewe usiyehusika. Si haki, lakini ndiyo hali.

Kazi yako ya wiki tatu usiitupe. Ndani ya faili arobaini lazima pana marekebisho mawili au matatu ya hitilafu za kweli. Yachomoe hayo, uyatume moja baada ya jingine.

Ndugu Mshauri, nimeweka msimbo wa programu yangu hadharani bila leseni yoyote, nikiamini kwamba ndiyo njia ya kumpa kila mtu uhuru kamili. Rafiki yangu ananiambia kwamba kwa kufanya hivyo nimemnyima kila mtu. Nani yuko sahihi? Na nikiweka leseni huria, nitaruhusiwa kuiuza?
*Msomaji mwenye haraka*

Rafiki yako yuko sahihi. Sheria ya hakimiliki humlinda mwandishi tangu anapoandika, bila kusajili chochote, kwa hiyo msimbo usio na leseni ni msimbo ambao wengine wanaweza kuutazama lakini hawana ruhusa ya kuunakili wala kuusambaza. Uhuru katika programu hutolewa kwa maandishi.

Leseni zenyewe ziko za mielekeo miwili mikubwa. Zile za MIT na BSD humruhusu mtu kufanya karibu lolote, hata kuuingiza msimbo wako ndani ya bidhaa iliyofungwa, mradi tu abakishe tangazo la hakimiliki na masharti ya leseni. Ile ya GPL, iliyotolewa na Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, mwaka 1989 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1991 na 2007, inaongeza sharti kwamba anayesambaza programu iliyotokana na msimbo huo atoe pia msimbo chanzo kwa masharti yale yale. Angalia neno "anayesambaza": anayeitumia ndani ya ofisi yake tu hadaiwi kitu. Wenye huduma za mtandaoni walipata mwanya hapo, na ndiyo sababu ikatungwa leseni ya AGPL, inayowafikia hata wanaowahudumia watu kupitia mtandao bila kuwapa programu yenyewe.

Kuuza unaruhusiwa. Toleo la kwanza la Linux la mwaka 1991 lilizuia biashara; mwanzilishi wake, Linus Torvalds, aliondoa kizuizi hicho mwaka 1992 alipohamia GPL, na sijawahi kusikia kwamba alijuta. Kampuni ya Red Hat iliuza huduma na msaada juu ya programu ambazo msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, hadi IBM ilipoinunua mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34. Usichoweza kufanya ni kumzuia mteja wako asimpe mwingine nakala. Chagua leseni moja inayojulikana, uweke faili lake kwenye mzizi wa mradi, yaani folda yake kuu, wala usitunge ya kwako. Wanasheria wa makampuni huikimbia leseni wasiyoijua, na hapo watakuwa na haki.

Ndugu Mshauri, kwa miaka minne ninasimamia peke yangu maktaba ndogo ya programu inayoshughulikia tarehe. Nilianza kwa kujifurahisha, lakini sasa programu nyingi zinaitegemea na kila siku napata malalamiko ya watu wanaonidai marekebisho kana kwamba wananilipa. Nina ajira na nina mtoto mchanga. Mtu mmoja nisiyewahi kumwona ametuma viraka vizuri kwa miezi kadhaa, na sasa anaomba nimkabidhi funguo zote za mradi. Watu wengine wawili, ambao pia siwajui, wananisukuma nikubali, wakisema kwamba ninawachelewesha. Nikabidhi?
*Msimamizi aliyelemewa*

Ndugu Msimamizi, barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu inafanana mno na kisa ambacho kila msimamizi wa programu huria anapaswa kukijua.

Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliutangazia ulimwengu kwamba kuna mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana data inayopatikana katika mifumo mingi sana ya Linux. Hakuwa akitafuta wadukuzi. Alikuwa akipima kasi ya mambo mengine kabisa, akashangaa kwamba kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH, njia salama ya kufanya hivyo, kumechukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida, akaufuata mkia huo hadi akamtoa nyoka shimoni. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa tayari yamechafuliwa, na baadhi ya mifumo ya majaribio ilikuwa imeshayapokea. Yangebaki wiki kadhaa zaidi bila kugunduliwa, yangeelekea kwenye seva zisizohesabika.

Linalokuhusu wewe ni jinsi mlango huo ulivyoingizwa. Xz ilikuwa na msimamizi mmoja wa kujitolea, aliyekuwa ameeleza waziwazi kwamba amechoka, kwamba afya yake ya akili si nzuri na kwamba kazi hiyo haina malipo. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kutuma viraka mwaka 2021, vingi vikiwa vya kawaida na vya manufaa. Mwaka 2022 majina mengine, yasiyokuwa na historia yoyote ya kuchangia, yalijitokeza kulalamika kwamba mradi unakwenda polepole na kwamba msimamizi awapishe wengine. Akasukumwa, akaongezewa lawama, na hatimaye Jia Tan akapewa mamlaka, hata ya kutoa matoleo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: waliokuwa wakilalamika hawakuwa wamebeba hata kilo moja.

Sisemi kwamba mtu wako ni mwovu. Karibu kila mtu katika kazi hii huanza akiwa mgeni asiyeonekana sura, na wengi hubaki hivyo kwa miaka, wakifanya kazi ya uaminifu. Ila nasema kwamba wale wawili wanaokusukuma wananitia shaka kuliko yeye. Kagua historia yao. Wamewahi kutuma kiraka? Wamewahi kuripoti hitilafu, hapa au katika mradi mwingine? Kama akaunti zao zimezaliwa juzi na kazi yao pekee ni kukuharakisha, huna sababu ya kuwajibu.

Mamlaka katika mradi si ufunguo mmoja, ingawa mtu huyo ameuomba kama mmoja. Mpe kwanza kazi ya kupanga na kujibu masuala. Baada ya muda mpe haki ya kukagua viraka vya wengine, kisha haki ya kuunganisha, kwa sharti kwamba hakuna anayeunganisha msimbo wake mwenyewe bila jicho la pili. Haki ya kutoa matoleo ibaki ya mwisho kabisa. Hapa kisa cha xz kina funzo la kiufundi ambalo watu hulisahau: sehemu ya hila ilifichwa katika faili zilizoitwa za majaribio, na maagizo ya kuiamsha yaliwekwa ndani ya kifurushi cha toleo bila kuwemo katika hifadhi ya msimbo ambayo watu huisoma. Waliokuwa wakisoma msimbo hadharani walikuwa wakisoma kitu kingine. Kwa hiyo hakikisha kwamba vifurushi vyako vinajengwa na mashine moja kwa moja kutoka kwenye hifadhi, kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuvijenga tena nyumbani kwake na kulinganisha. Mtu mwema hatakasirishwa na utaratibu huu. Na akikasirika, utakuwa umejifunza jambo.

Kuhusu wanaokudai, isome tena leseni yako. Karibu leseni zote huria husema kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Huna deni kwao. Andika mwanzoni mwa maelezo ya mradi kwamba kwa sasa utarekebisha dosari za usalama tu, na kwamba mengine yatasubiri. Ukitaka kuwaambia makampuni yanayotumia maktaba yako kwamba yalipe, waambie bila aibu. Ilipofichuliwa dosari ya Heartbleed mwezi Aprili 2014, dunia ilishtuka kusikia kwamba OpenSSL, iliyolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti salama duniani, ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeifanyia kazi muda wote, na kwamba michango yake ilikuwa ikifikia takriban dola 2,000 kwa mwaka. Fedha zilipatikana baada ya aibu. Wewe ziombe kabla.

Jambo moja nakusihi usilifanye, hata ukiwa na hasira: usiifute maktaba. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja, akiwa katika mgogoro, aliondoa kwenye npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya msimbo wa JavaScript, vifurushi vyake, kimojawapo kikiwa left-pad chenye mistari 11 tu ya msimbo, na ghafla miradi mingi iliyokitegemea, mingine bila kujua, ikashindwa kujengeka. Ghala lilikirudisha, na baadaye likabadilisha kanuni zake za kufuta. Kuondoka kwa utulivu kunawezekana. Torvalds aliianza Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, mwezi Aprili 2005, na kufikia Julai mwaka ule ule alikuwa ameshamkabidhi Junio Hamano, ambaye ameendelea nayo tangu hapo. Guido van Rossum alipojiuzulu uongozi wa Python, lugha ya programu aliyoibuni, mwaka 2018, wachangiaji walijadiliana kwa miezi kadhaa kisha wakachagua baraza la watu watano. Nawe ukiwa umechoka kabisa na huna wa kumwamini, weka mradi katika hali ya kusomwa tu, useme wazi kwamba hautunzwi tena. Mwenye kuuhitaji atachukua nakala na kuendelea chini ya jina jingine, na mtoto wako atakuwa amepata mzazi aliyelala vizuri.

Ndugu Mshauri, kundi letu la wachangiaji limetofautiana na wenye mradi, nasi tunataka kujitenga na nakala yetu. Wengine wanasema ni usaliti. Tufanyeje?
*Kwa niaba ya wachangiaji tisa*

Usaliti haupo, leseni imewapa haki hiyo, na tishio la kujitenga ndilo linalowafanya viongozi wa miradi huria wawasikilize watu wasioajiriwa nao. Mwaka 2010, baada ya Oracle kuinunua kampuni ya Sun, wachangiaji wengi wa OpenOffice, mkusanyiko wa programu za kazi za ofisi, walihofia mustakabali wake wakaondoka na kuunda LibreOffice. Oracle iliukabidhi mradi wa awali kwa taasisi ya Apache mwaka uliofuata, lakini nguvu kazi ilikuwa imeshahama. Pia kuna waliojitenga wakarudi wakiwa washindi: kundi la egcs lilijitoa katika mradi wa GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, mwaka 1997 kwa kuuona mwendo wake kuwa wa polepole, na mwaka 1999 nakala yao ndiyo iliyofanywa kuwa GCC rasmi.

Lakini nitawauliza swali moja la kihasibu. Kati yenu tisa, ni wangapi watakaokuwa wakirekebisha dosari za usalama Jumamosi usiku mwakani? Kama jibu ni mmoja, mnajitenga ili mkamzalishe Msimamizi aliyelemewa mwingine. Vilevile kumbukeni kwamba leseni ya msimbo haitoi jina wala nembo. Debian, mojawapo ya mifumo inayojengwa juu ya Linux, kwa mfano, ililazimika kukiita kivinjari cha Firefox kwa jina la Iceweasel kuanzia mwaka 2006 hadi 2016 kwa sababu ya masharti ya alama ya biashara, ingawa msimbo wenyewe ulikuwa huria. Tafuteni jina kwanza, kisha hama hama ianze.

Ndugu Mshauri, sijui kuandika programu hata kidogo. Je, nina nafasi yoyote huko?
*Mwalimu mstaafu*

Ninyi walimu ndio mnaotafutwa. Nyaraka za miradi mingi zimeandikwa na watu wanaojua jambo lao kupita kiasi, hivyo wanaruka hatua tatu za mwanzo bila kutambua kwamba wameziruka. Fuata mwongozo wa kusakinisha programu moja huria uipendayo, neno kwa neno, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa nayo. Mahali utakapokwama ndipo palipo na kasoro, na kasoro hiyo ni ya mwongozo.

Ukiripoti hitilafu, taja toleo la programu, mfumo wa kompyuta yako, ulichokifanya hatua kwa hatua, ulichotarajia na kilichotokea badala yake, na unakili ujumbe wa kosa kama ulivyo. Ripoti ya namna hiyo huweza kumwokolea mhandisi jioni nzima.

Tafsiri nayo inahitaji watu, na hasa inahitaji wahariri. Mara nyingi watafsiri kadhaa wa kujitolea hupita kwa nyakati tofauti, kila mmoja na istilahi zake, na mtumiaji anaishia kukuta "hifadhi" kwenye menyu, "tunza" kwenye kitufe na "weka" kwenye onyo, yote yakimaanisha kitendo kile kile. Mwenye jicho la kusahihisha insha atayaona makosa hayo katika nusu saa ya kwanza. Anza na menyu ya kuhifadhi faili, maana hiyo kila mtumiaji huifungua.